Sikinde, Pink Floyd na upande wa pili wa sahani

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji. Sijahama, nipo hapa hapa Kariakoo. Kuna jambo lilikuwa linanikera kichwani nikasema siandiki kingine mpaka nilimalize hili. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko ofisini na bosi anapita pita nyuma yako, bora usome jioni.

Lenyewe lilianza na kosa langu. Pale ninapofanya kazi (redio, jina tuliache) niliombwa niandae kipindi kifupi cha muziki wa dansi wa zamani, dakika kumi na mbili, nyimbo tano, maneno katikati. Ukipiga hesabu kila wimbo unapata kama dakika moja na nusu. Mmojawapo ulikuwa "Majirani Huzima Redio" wa DDC Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Nikauacha uende, waimbaji wakaimba, na walipomaliza tu, bendi inaanza kubadilisha mwendo, nikashusha sauti taratibu, nikaingiza ya kwangu. Nikaona nimekata pazuri. Mtu ameshasikia hadithi, kilichobaki ni magitaa tu.

Kipindi hakijaisha simu ikaita. Mjomba, kaka yake mama, fundi redio mstaafu ambaye ameishi Kariakoo tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi uandishi mlisomeshwa na nani?"

"Kwani vipi mjomba?"

"Umekata wimbo kabla haujaanza."

Akakata simu na yeye. Kwi kwi kwi! Nilicheka wakati ule, lakini usiku sikulala vizuri. Kabla haujaanza? Mbona waimbaji walishamaliza beti zote?

Niwaambie kitu kimoja kuhusu mjomba ili mwelewe kwa nini sikuliacha lipite. Sikio lake la kushoto limeshakufa, na la kulia linapungua. Kinachoondoka kwanza, anavyoeleza mwenyewe, ni sauti nyembamba za juu. Besi anaisikia, tumba anazisikia, mtu akiongea kwa utaratibu anamsikia. Gitaa la solo likipanda juu kabisa ndilo linaanza kumkimbia. Yaani ile sehemu niliyoikata ndiyo sehemu ambayo kila mwaka inabaki kidogo zaidi kwake.

Jumapili nikabeba kompyuta na spika nikaenda kwake kuomba radhi. Anakaa chumba cha nyuma, kwenye mojawapo ya zile nyumba chache za Kiswahili zilizobaki katikati ya maghorofa, ukumbi katikati, vyumba sita, ua nyuma. Ukisimama uani unaona juu yako ghorofa tisa za maduka na viyoyozi vinadondosha maji. Ukutani kwake kuna rafu ya santuri ndogo, zile za mizunguko 45, zimepangwa kama vitabu. Mashine ya kuzipigia ipo ila sindano haina, na mafundi wa sindano wameisha. Fundi redio asiye na sindano... nikasema haya mambo bwana.

Sasa mimi, badala ya kuomba radhi na kunyamaza, nikaanza ubishi. Nikamwambia mjomba, zama zimebadilika, watu hawana subira ya wimbo wa dakika nane, wimbo ukiwa mrefu lazima ukatwe. Akaniuliza, "Wazungu wenu nao wanakata?" Hapo nikaona nimepata upenyo, maana wale mnaonifahamu mnajua tangu chuo nina ugonjwa wa roki ya miaka ya 70, hasa ile wenyewe wanaiita progresivu. Nilikuwa nao kwenye flashi. Nikamwekea wimbo wa kwanza wa santuri ya Pink Floyd inayoitwa "Wish You Were Here", iliyotoka Septemba 1975. Wimbo wenyewe ni "Shine On You Crazy Diamond", sehemu ya kwanza mpaka ya tano, dakika kumi na tatu na nusu. Nilitaka kumwonyesha urefu ni nini.

Kabla sijaendelea, 1975 ni mwaka huo huo lilipofunguliwa jengo la Soko la Kariakoo, lile la miamvuli ya zege alilolichora msanifu wetu Beda Amuli, ambalo liliungua Julai 2021. Halihusiani na Pink Floyd hata kidogo, ila mjomba anapima miaka yote kwa soko. Nikimwambia 1975 anasema "mwaka wa soko", basi tunaelewana.

Haya, wimbo ukaanza. Kwa wasioufahamu nieleze. Hauanzi kwa ngoma wala kwa sauti ya mtu. Unaanza kwa kufufuka polepole kutoka kimya, kinanda cha Richard Wright kimeshika sauti moja nzito ambayo haiendi popote, kama moshi umetanda juu ya bahari asubuhi. Ndani yake kuna mlio wa glasi za mvinyo, zile zinazolia ukipitisha kidole chenye maji kwenye ukingo. Bendi ilikuwa imezirekodi kwa mradi mwingine, walitaka kutengeneza santuri nzima kwa vyombo vya nyumbani, mradi ukafa, glasi zikapata kazi hapa. Juu ya moshi huo gitaa la David Gilmour linaongea peke yake, taratibu, linasema neno linanyamaza, linasema lingine. Hakuna mdundo. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mjomba akanitazama. "Waimbaji wamechelewa daladala?"

Nikamwambia subiri. Karibu na dakika ya nne moshi unakatika na gitaa linapiga noti nne. Ni nne tu, zikaachwa ziningʼinie. Kwa waliopita kwenye kwaya kama mimi, ukiziandika kwa sol-fa ni do, halafu so ya juu yake, halafu la ya chini, halafu fe. Tatu za kwanza zinakaa nyumbani bila tatizo. Ya nne ndiyo yenye mchezo, maana fe si fa wala si so. Ukiilinganisha na ile do ya mwanzo unapata ule umbali ambao mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akiusikia anatupigia meza. Sikio linabaki linadai jibu. Gitaa linarudia noti zile zile nne, jibu halitolewi, mpaka ngoma za Nick Mason zinaingia na bendi nzima inajimwaga, mwendo wa polepole wa sita kwa nane, unayumba kama mashua.

"Hawa wanajua kungoja," mjomba akasema. Alikuwa amesogeza kiti, sikio la kulia limeelekea spika.

Zinakuja solo mbili, ya kinanda kisha ya gitaa, na bado hakuna mtu aliyefungua mdomo. Roger Waters anaanza kuimba karibu dakika ya tisa. Ya tisa, wadau! Theluthi mbili za wimbo zimeshapita. Anamwimbia Syd Barrett, rafiki yao aliyeanzisha bendi pamoja nao, akaugua akili, akaachana nao 1968. Waitikiaji ni akina mama wawili Wamarekani, Venetta Fields na Carlena Williams. Na kuna kisa maarufu, kwamba tarehe 5 Juni 1975 wakiwa studio za Abbey Road wanaushughulikia wimbo huo huo, akaingia mtu mnene aliyenyoa nywele na nyusi, akakaa, hawakumtambua. Alikuwa Syd mwenyewe. Nilipomsimulia mjomba hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema bendi zote zina mtu kama huyo.

Mimi nikaona nimeshinda. Nikamwambia unaona, mjomba, wenzetu muziki kwanza, maneno baadaye, nyie maneno kwanza, magitaa baadaye. Kwao huwezi kukata mbele. Kwenu unaweza kukata nyuma.

Akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: "Wanacheza saa ngapi?"

Sikuelewa. "Watu," akasema. "Watu wanaingia kati saa ngapi?"

Basi bwana, hapo ikabidi kompyuta ifungwe na mimi nipewe somo. Ninayoandika kuanzia hapa ni mchanganyiko wa aliyonieleza na niliyokwenda kuyasoma na kuyasikiliza wiki mbili zilizofuata.

Muziki wa dansi wa Dar es Salaam ni mzee kuliko roki. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, ikirithi tarumbeta na madoido ya ngoma za beni. Miaka ya 50 na 60 bendi zilikuwa klabu, na klabu zilikuwa za watu wenye asili moja mjini. Western Jazz, kwa mfano, jina linatokana na Jimbo la Magharibi la enzi za mkoloni, kule Tabora na Nzega, na hapa Kariakoo ndipo ilipovuma na mtindo wake wa Saboso. Baada ya Uhuru mambo yakabadilika, mwenye vyombo akawa taasisi. Umoja wa wafanyakazi ukaanzisha NUTA Jazz 1964, ambayo ikaja kuwa JUWATA, halafu OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi, vijana wa TANU wakawa na Vijana Jazz, polisi wakawa na yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa ni la ofisi, na mshahara ni wa mwisho wa mwezi. Waingereza wale walikuwa na kampuni ya santuri nyuma yao inayosubiri mauzo. Wa kwetu walikuwa na meneja wa shirika anayesubiri kiingilio cha mlangoni.

Hapo ndipo swali la mjomba linapoingia. Kiingilio kinalipwa na mtu anayekuja kucheza. Mlimani Park ilianza 1978 katika baa ya jina hilo hilo, chini ya shirika la usafiri na teksi, ikiwa na watu kama Muhidin Maalim Gurumo aliyetoka huko huko NUTA, na Michael Enoch, ambaye zamani alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz na sasa akashika saksafoni na ualimu wa bendi. Shirika la lile la usafiri liliposhindwa, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, likaichukua, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumbani. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Msondo nao ni ngoma. Majina hayo hayakuwekwa kwa urembo, bendi ilikuwa inamwambia mteja kwamba humu ndani utacheza kama ulivyocheza kwenu.

Sasa tazama wimbo wenyewe unavyojengwa. Gitaa la solo linatoa utangulizi mfupi, mistari michache, sauti safi isiyo na kelele. Tarumbeta na saksafoni zinajibu. Waimbaji wanaingia, wawili au watatu wamepandana, mmoja chini, mwenzake juu yake hatua mbili. Mwendo ni wa rumba, wa wastani. Watu ukumbini wanacheza, ndiyo, lakini wanacheza wakisikiliza, wameshikana, wanataka kujua huyo mwanamke kwenye wimbo alifanya nini na mume alijibu nini. Dansi la Kiswahili ni muziki wa maneno, na mashairi yalikuwa yanapelekwa Redio Tanzania kukaguliwa kabla bendi haijaitwa kurekodi. Ukisema maneno ndiyo wimbo, mimi niliyekata kipindi hujakosea sana.

Maneno yakiisha, bendi haimalizi. Ndiyo kwanza inabadilika. Gitaa la ridhim lililokuwa linashikilia tu linaanza kukatakata, solo inapata kipande kifupi inakirudia na kukirudia, sekandi solo inaingia kwenye nafasi zilizoachwa, yaani ukisikiliza haraka unadhani ni gitaa moja lenye vidole ishirini. Besi haikai kwenye pigo, inaongea. Tumba zinapanda. Mwitikio ni neno moja au mawili tu sasa, majina ya wanamuziki yanaitwa, tarumbeta zinapiga mstari mmoja zinaondoka zinarudi. Wakongo sehemu hiyo wanaiita sebene. Wanamuziki wa hapa wanaiita chemko. Maji yako jikoni tangu mwanzo, sasa yamechemka. Hakuna aliyebandika sufuria ili asikilize moto.

"Ile ya mwanzo," mjomba akaniambia, "ni ya kukuandaa. Unajua kwa nini umefurahi wakati wa chemko? Kwa sababu umeambiwa kwanza habari ya huzuni."

Kwa hiyo "kabla haujaanza" haikuwa mzaha. Wimbo wa Sikinde ni sawa na ule wa Pink Floyd uliogeuzwa kichwa chini. Wote wana sehemu ndefu isiyo na mwimbaji na sehemu fupi yenye maneno. Waingereza wakaweka ile ndefu mbele kwa sababu msikilizaji wao amekaa. Amenunua santuri kubwa, upande mmoja dakika ishirini na zaidi, yuko chumbani, hana haraka. Unaweza kumngojesha. Msikilizaji wa DDC amesimama na amelipa. Huwezi kumngojesha bila neno, ila ukishampa neno unaweza kumzungusha mpaka shati lilowe. Hata hivyo wote wawili nyimbo zao zilipikwa jukwaani kwanza. "Shine On" ilipigwa mbele ya watu 1974, mwaka mzima kabla ya santuri, na kwetu wimbo ulikuwa unazeeka ukumbini kabla haujaona kipaza sauti cha redio.

Msidhani pande hizo mbili hazikuwahi kukutana. Novemba 1969 serikali ya mkoa ilipiga marufuku soul hapa mjini, na vijana wengi waliokuwa wanaiga rekodi za nje ikabidi watafute njia ya kwao. Wakaja Sunburst na roki yao ya Kiafrika, na Afro 70 ya Patrick Balisidya na mtindo wa Afrosa, gitaa limejaa madoido ambayo wazee waliyanunia. Balisidya huyo huyo mwishoni mwa miaka ya 70 alikwenda Sweden akarekodi santuri, "Bado Kidogo", pamoja na kundi la Archimedes Badkar, ambao ni progresivu kabisa. Alifariki 2004. Mtu angepaswa kumwandikia makala yake peke yake, labda mimi, siku moja.

Turudi kwenye rafu ya mjomba. Akatoa santuri moja akanipa, akaniambia soma. Jina la wimbo, jina la bendi, halafu kwa chini, sehemu ya kwanza. Nikageuza. Jina lile lile, sehemu ya pili. Nikatoa nyingine, hivyo hivyo. Santuri ndogo ilikuwa inabeba dakika nne hivi kila upande, si zaidi sana, na viwanda vya kuzichapa vilikuwa Nairobi, hapa hatukuwa nacho. Wimbo wa dakika nane unaingiaje? Unaukata. Na wanaukata wapi? Mara nyingi pale pale, waimbaji wakikaribia kumaliza. Upande wa kwanza hadithi, upande wa pili chemko. Mjomba anasema kwenye baa zenye santuri upande wa pili ndio uliokuwa unakwaruzika mapema, na kweli, ukizitazama za kwake kwenye mwanga wa dirisha unaona upande wa pili umechakaa kuliko wa kwanza.

Halafu mpaka wa Kenya ukafungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa mpaka 1983. Kupata santuri za nyumbani zilizochapwa ugenini kukawa shida mara mbili. Ndiyo maana muziki mwingi wa miaka ile mizuri watu waliujua kwa utepe wa Redio Tanzania tu, ukipigwa hewani, ukirekodiwa na mtu kama mjomba kwa kanda kutoka kwenye spika. Redio ikikata, umekatiwa. Hakuna duka la kwenda kununua nzima. Na mimi sasa, miaka arobaini na kitu baadaye, ndiye niliyekaa kwenye kile kitufe.

Nikamwambia mjomba tumalizie wimbo wa wazungu, maana tuliufunga kabla ya mwisho. Nilikuwa najua kinachokuja ila sijawahi kukisikia kama nilivyokisikia siku ile. Waters akimaliza kuimba, gitaa linaachia vipande vidogo vinavyojirudia, na saksafoni inaingia, Dick Parry, kwanza ile nene ya chini, kisha anabadilisha anachukua nyepesi ya juu yake. Na mwendo unabadilika. Ile sita kwa nane inayoyumba inakuwa kumi na mbili kwa nane, mapigo yanajaa katikati ya mapigo, kasi ni kama imezidi ingawa bendi haijakimbia.

Mjomba akasimama. Mzee wa miaka sabini na kitu.

"Si hii hapa chemko!" akasema. Akaanza kupiga mguu, na mkono unapiga kwenye rafu mapigo ya tumba ambayo kwenye wimbo hayapo lakini yanakaa kama yamepimwa na fundi. Kumi na mbili kwa nane, wadau, ukiitafuta kwenye ngoma zetu za pwani hutembei mbali. Saksafoni ile yeye anaisikia vizuri, haiko juu sana. Alifumba macho.

Halafu ikaanza kufifia. Ndivyo ilivyo kwenye santuri, saksafoni inazama chini ya sauti ya mashine, na wimbo wa pili unaanza kwa mngurumo wa kiwanda. Mjomba akafumbua macho, akanitazama kana kwamba nimerudia kosa lile lile mbele yake.

"Nao wamekata!"

Nikamwambia ndiyo, ila ngoja. Nikamweleza kwamba wimbo mzima ni dakika ishirini na sita hivi, sehemu tisa, na mwanzoni walifikiria kuupa upande mzima wa santuri. Waters akataka ukatwe katikati, nusu ifungue santuri na nusu iifunge, nyimbo nyingine tatu zikae ndani. Gilmour hakutaka, wakapiga kura akashindwa. Sehemu ya sita mpaka ya tisa iko mwisho kabisa, upande wa pili.

"Upande wa pili," mjomba akarudia. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nao wana upande wa pili."

Tukaugeuza, kwa maana ya kubonyeza. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi.

Jumatatu nikaenda kwa mhariri wangu nikaomba dakika tisa za wimbo mmoja, bila maneno yangu katikati. Alinitazama kama nimeomba gari. Tulijadiliana wiki nzima. Nikapewa dakika tisa, lakini Jumamosi saa tano na nusu usiku, muda ambao alisema hata wezi wamelala. Sikumwambia mjomba mapema kwa sababu ratiba zetu zinabadilika dakika za mwisho na sikutaka kumwangusha mara ya pili. Nilimpigia saa tano na dakika ishirini nikamwambia washa redio.

Nikauweka wimbo ule ule. Waimbaji wakaimba, wakamaliza, mkono wangu ukawa mbali na kitufe, nimeukalia kabisa. Chemko ikaanza. Dakika moja, mbili. Simu ikawaka mezani, mjomba. Nikapokea, "Haloo mjomba, unaisikia?" Hakujibu. Nilichosikia ni wimbo wenyewe, unatoka studio kwetu unakwenda mpaka Kariakoo unarudi kwangu kwa simu, umechelewa kidogo, na nyuma yake mkono unapiga ubao wa rafu. Kuna mtu kwenye chumba cha jirani alisema kitu, sikumsikia vizuri, na mjomba akamjibu asubiri. Kisha akakata. Solo ilikuwa bado inapanda.